Nilivyouza Mlima wa Jirani

Dada yangu aliniambia habari ya ule mkataba akiwa amenipa mgongo, anamenya ndizi za supu ya mtori. Ilikuwa wiki ya pili tangu nirudi kutoka Doha. Kampuni moja ya utalii ya mjini ilitaka kuikodi nyumba yake yote, vyumba vinne vya wageni, sebule na bustani, kwa miaka kumi. Yeye angehamia kile chumba cha nyuma tulichokuwa tukihifadhia mahindi, na wangempa kazi ya kusimamia usafi. Nyumba hiyo waliijenga yeye na marehemu shemeji yangu, tofali kwa tofali, juu ya Usa River, pale migomba inapoanza kupisha miti ya msituni. Sasa angekuwa mfanyakazi ndani yake.

Nilimuuliza kwa nini hata anafikiria jambo hilo. Akanieleza taratibu, kisu hakikusimama. Miaka yote wageni wake walikuwa wakiletwa na wakala mmoja wa mjini. Wakala huyo sasa ameungana na kampuni hiyo, na amesema kuanzia msimu wa Juni hatapeleka mgeni kwenye nyumba isiyo ya kampuni. Bila wakala hakuna mgeni. Bila mgeni, nyumba ya vyumba vinne ni ya kufagia tu.

"Wageni hawatoki kwa wakala, dada," nikamwambia. "Wanatoka kwenye mtandao. Yeye anawaokota tu kule. Nitawaokota mwenyewe."

Akageuka, akaniangalia kuanzia viatu.

"Mdogo wangu, umekuja na mabegi mawili na maneno mengi," alisema. "Sawa. Kabla Mei haijaisha, niletee makundi matatu ya wageni ambao huyo wakala hawajui. Nikiyaona, nitawaambia kampuni hapana. Nisipoyaona nitasaini, na wewe usije ukanilaumu."

Nilikubali hapohapo. Sikuomba muda wa kufikiri, kwa sababu mimi si mtu wa kuomba muda wa kufikiri.

Niseme mimi ni nani, maana wengine hufikiri waliokwenda nje wote walibebwa. Mimi sikubebwa. Niliondoka na cheti cha kidato cha nne. Kwa miaka mitatu nilifua mashuka kwenye chumba cha chini cha hoteli, mahali ambapo hujui kama nje ni mchana. Kutoka hapo nikapanda hadi mapokezi kwa Kiingereza nilichojifunza kwa kusikiliza. Jioni nilikwenda chuo, na baada ya miaka miwili nikawa na stashahada ya masoko ya mtandaoni. Niliporudi nilipanga chumba Kaloleni, karibu na uwanja, kwa sababu umeme na mtandao wa pale ni wa uhakika kuliko mlimani. Ile stashahada niliitundika ukutani kabla sijanunua kitanda. Nilitaka kila aingiaye aisome akiwa amesimama.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii. Mtu yuko mbali huko, ana jambo analolitaka, anaandika maneno machache kwenye injini ya utafutaji. Injini hiyo huwa imeshapita kwenye kurasa za dunia nzima, imezisoma na kuzikumbuka, na sasa inampangia majibu. Walio juu hufunguliwa. Walio ukurasa wa tatu ni kama hawajazaliwa. Kuiandaa tovuti yako mpaka ipangwe juu bila kulipia tangazo, ndiko nilikosomea.

Nilitengeneza tovuti ya dada kwa siku nne. Ilikuwa na rangi nzuri, na Kiingereza chake ningeweza kumsomea profesa bila kusita. Nikafanya pia kosa ambalo nadhani halifanywi popote duniani ila Arusha.

Sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru tumezoea kuuza mlima wa jirani. Tembea mjini utaona maduka, mabasi, vinywaji, saluni, vyote vimepakwa jina la Kilimanjaro. Mlima wetu unatupa maji na mvua, na kila asubuhi uko mlangoni, lakini tukimwona mgeni tunamnyooshea kidole mashariki. Mimi pia nilifanya hivyo. Niliita nyumba ya dada pumziko la Kilimanjaro. Nikalirudia hilo jina mara thelathini na moja katika ukurasa mmoja, nikijiambia kwamba ndilo linalotafutwa zaidi. Sikujiuliza ni nani wengine wanaoligombea. Ni kufungua genge la nyanya katikati ya soko kuu, nyuma kabisa, halafu kushangaa kwamba hakuna anayekuja.

Nilikuta tovuti yetu ukurasa wa kumi na tisa. Niliifikia kwa kubofya mpaka kidole kikauma.

Hata hivyo Februari wakaja wawili, mume na mke, Wazungu wa makamo, walioipata sijui kwa njia gani. Dada alichinja kuku. Walishuka kwenye teksi, wakatazama huku na huku, kisha mwanamume akauliza lango la kupandia Kilimanjaro liko upande gani, maana wanaanza kupanda kesho asubuhi. Nikamwambia kwamba ni mwendo wa saa mbili na zaidi kwa gari. Akanionyesha simu yake. Maneno yalikuwa yangu, yote, yenye fahari yake. Mkewe alikuwa mpole. Alikunywa chai, akaisifu, na kabla ya saa kumi walikuwa wameondoka. Siku iliyofuata waliandika maoni yao hadharani: nyumba nzuri, mama mkarimu, mlima siyo.

"Hawa siwahesabu," dada alisema, akinipakulia kuku.

Nilikula. Nilikuwa nimeona aibu, lakini aibu yangu mimi huwa haikai muda mrefu. Hugeuka kazi. Tatizo ni kwamba sikujua kazi ya kufanya. Vitabu vya chuoni vilisema tafuta maneno ambayo wateja wanayatumia. Nilidhani nimeyatafuta.

Nililijua jibu kanisani, na sikulijua kwa maombi.

Kanisa letu la Kilutheri lina desturi ambayo kila mtu wa mlimani anaijua. Asiye na fedha ya sadaka huleta alichonacho: mkungu wa ndizi, kuku, maziwa kwenye kibuyu, parachichi. Baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa nje, na fedha zinaingia kwenye sadaka. Mnadi wetu wa miaka yote ni mama mmoja mzee wa kanisa, mfupi, sauti kama ya kondakta. Jumapili hiyo ya Machi alikuwa na mafua, sauti imekauka. Mtu akapendekeza mimi, kwa kuwa nimesomea masoko na nimetoka nje. Nilinyoosha koti, nikapokea mkungu wa kwanza.

Niliwaambia kwamba mbele yao kuna zao la kipekee, lenye ubora wa kimataifa, lililostawi kwenye udongo wenye rutuba wa miteremko ya mlima wetu mtukufu. Nilisema vizuri sana. Watu walinyamaza, nikadhani wameguswa.

Mama mmoja wa kwaya akanyoosha mkono. "Baba, ni mshare au ni kisukari?"

Nikautazama mkungu. Miaka tisa Doha. Sikuwa na hakika.

"Tuulize hivi," akasema mwingine kutoka nyuma. "Hizo tunachemsha, tunasubiri ziive, au ni za kuangalia tu?"

Uwanja wote ulicheka. Hata mchungaji alijifanya kufunga kamba ya kiatu. Yule mzee wa kanisa alinikaribia, akanipokonya mkungu bila hasira, akasema kwa sauti yake ya mafua, "Mshare. Umekatwa jana. Unatosha sufuria ya watu ishirini." Kisha akamgeukia mama mmoja aliyekuwa na ugeni nyumbani, akamwambia, "Wewe una watu kesho, utapika nini?" Mkungu ukaondoka kabla sijashuka ngazi.

Dada hakucheka kanisani. Alicheka njiani, mpaka akashika uzio wa jirani. "Ubora wa kimataifa," alikuwa akisema, anafuta machozi. "Ndizi ya mama fulani hapo chini."

Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kufanya kazi. Yule mama hakuisifu ndizi hata kidogo. Alijibu swali lililokuwa tayari vichwani mwa watu: ni aina gani, imekatwa lini, inatosha watu wangapi. Tulipofika nyumbani nilimwomba dada simu yake.

"Simu yangu ya nini?"

"Nataka kusoma wageni wanakuuliza nini."

"Wananiuliza mambo ya kijinga," alisema, lakini alinipa.

Zilikuwa jumbe za miaka sita. Wakala alikuwa na tabia ya kuwapa wageni namba ya dada ili wajulishane saa ya kufika, na wao wakawa wanamuuliza kila kitu. Niliketi barazani nikasoma tangu wakati wa chakula mpaka kuku walipoingia bandani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu pumziko, wala mandhari ya kipekee. Walikuwa wakiuliza: kutoka kwenu hadi lango la Momella, la kupandia Meru, ni muda gani? Naweza kuacha begi kubwa nikipanda Meru siku tatu? Usiku kuna baridi kiasi gani? Nipande Meru kwanza ili mwili uzoee, ndipo niende Kilimanjaro? Mnaweza kunifungia chakula cha njiani? Swali la begi lilirudi mara nyingi kuliko yote, kwa Kiingereza cha kila aina, kizuri na kibovu.

Hawa walikuwa watu wanaokuja kupanda mlima wetu. Walikuwepo miaka yote, na walikuwa wakituambia maneno yao wenyewe, bure, na dada akawaona wajinga, nami nikawa nauza mlima ulioko mkoa mwingine.

Kesho yake nilifuta tovuti nzima. Sikubakiza hata sentensi moja, na zilikuwa sentensi nzuri.

Nilijenga upya kwa maswali. Kila swali kubwa nililipa ukurasa wake, na jibu nililiweka mstari wa kwanza, si wa tano. Kichwa cha ukurasa, kile kinachoonekana kwenye orodha ya majibu kabla mtu hajafungua, niliandika kama yule mzee wa kanisa: mahali pa kulala kabla ya kupanda Mlima Meru, karibu na Usa River. Chini yake maelezo mafupi, mistari miwili: vyumba vinne, mizigo inahifadhiwa, chakula cha njiani kinafungwa. Kilimanjaro ilibaki mahali pamoja tu, kwenye swali la kuuzoesha mwili, inapostahili.

Halafu nikapitia mengine niliyoyafanya kwa haraka. Picha nilizipiga kwa simu yangu ya Doha, kubwa, nzito, na Kaloleni zilifunguka mara moja. Nilipomwambia dada azifungue kwa simu yake kule mlimani, alibofya, akaenda kuangalia maziwa jikoni, akarudi, picha ya kwanza ilikuwa imefika nusu ya paa. Nilizipunguza zote uzito, na kila moja nikaiandikia maneno ya kuieleza, kwa sababu injini haioni chumba, inasoma. Na kwenye ramani ya mtandaoni niligundua jambo ambalo sikumwambia dada mpaka mwaka huu. Siku ya kuisajili nyumba nilikuwa nimekaa chumbani kwangu, nikabofya "mahali nilipo." Kwa miezi miwili nyumba ya dada yangu ilikuwa Kaloleni, kati ya mafundi cherehani. Nikairudisha mlimani.

Mvua za masika zilianza. Kila asubuhi nilikuwa naangalia takwimu: ni mara ngapi tumeonekana, kwa maneno gani, wangapi wamefungua. Kutoka ukurasa wa kumi na tisa tukaja wa sita, kisha wa nne. Dada aliniuliza ukurasa wa nne unalaza wageni wangapi. Nikamwambia hakuna. Akasema basi.

Katikati ya Aprili meneja wa ile kampuni alikuja, kijana mtanashati, viatu vyake vimepata tope la njia yetu mpaka kwenye soksi. Alimwamkia dada vizuri, akanywa chai, akauliza kama ameshausoma mkataba. Dada akamwambia anangoja mwisho wa Mei, mdogo wake kuna jambo analijaribu. Meneja akanigeukia na tabasamu.

"Ndiye mtaalamu wetu wa Doha," alisema. "Kaka, mtandaoni sisi tuko watu sita ofisini, tunafanya kazi hiyo tu. Wewe uko peke yako, na mvua hii."

"Ninyi sita mnauza milima yote," nikamjibu. "Mimi nauza mmoja."

Nilisema hivyo kwa fahari, lakini hesabu niliijua. Zilikuwa zimebaki wiki sita na hatukuwa na kundi hata moja. Wiki hiyohiyo jamaa mmoja mwenye kijiofisi karibu na kwangu aliniambia anaweza kunitafutia viungo elfu moja kwa siku saba, yaani tovuti elfu moja zitakazoelekeza kwetu, na injini itatuona watu wakubwa. Nilijua tovuti zenyewe ni za aina gani: kamari, dawa za nguvu, kurasa zisizosomwa na binadamu. Injini ikigundua inakushusha mpaka hutajitafuta tena. Ni sawa na kwenda kuposa na wazee uliowaokota stendi. Nikamkatalia. Nilihitaji mtu mmoja wa kweli anayejulikana kwa mlima huu.

Mtu huyo nilimjua tangu shule ya msingi. Ni mwanamke anayeongoza wageni kupanda Meru, na ana blogu yake inayosomwa na wapandaji wa nchi nyingi, kwa sababu anaandika hali ya njia kila anaposhuka. Nilimwendea, nikamwomba aiweke nyumba yetu kwenye ukurasa wake wa mahali pa kulala. Alitoa simu, akaisoma tovuti yangu yote mbele yangu. Halafu akaweka kidole mahali pamoja.

"Umeandika dakika arobaini mpaka lango la Momella. Umepima?"

Nikasema nimekadiria.

"Wewe mtu wa Doha, mgeni wangu akichelewa langoni anapoteza siku. Akipoteza siku hanisemi mimi, anausema mlima." Akavaa koti la mvua. "Twende."

Tulikwenda kwa gari la shemeji yake, kutoka mlangoni kwa dada, kwenye tope, kwa mwendo wa dereva wa kawaida. Ilituchukua saa moja na dakika tano. Nilisahihisha palepale langoni, kwa simu, mvua inanidondokea kwenye kioo, nikaandika pia: masika ongeza dakika kumi na tano. Alisubiri mpaka ukurasa ukafunguka upya. Jioni yake jina la nyumba ya dada likawa kwenye blogu yake, na sentensi moja: hawa muda wao umepimwa.

Sentensi hiyo ilifanya ambalo viungo elfu moja visingefanya. Baada ya siku tisa tulikuwa ukurasa wa kwanza kwa swali la begi. Mwisho wa Aprili akaandika mama mmoja wa Uholanzi, yeye na binti yake, wanataka kulala siku mbili mwezi wa Juni na mabegi yao yabaki. Nilimpigia dada kabla sijamaliza kusoma. Akaniuliza wamemjuaje. Nikamwambia wameuliza mizigo, wakakukuta wewe. Akasema, "Moja."

Katikati ya Mei wakaandika wa pili, wanaume wanne wa Afrika Kusini wanaokuja Juni, ambao swali lao lilikuwa baridi. Dada akasema kwenye simu, "Mbili," kwa sauti ileile, lakini nilisikia kiti kikilia akiketi.

Halafu pakawa kimya. Siku kumi na mbili zilibaki, kisha kumi. Nilikuwa naangalia barua kila baada ya dakika chache, jambo ambalo chuoni walituambia tusilifanye. Nilipanda kwa dada Jumamosi nikiwa na laptop, nikaboresha kila nilichoweza kuboresha, na yeye alikuwa akinitazama akiwa anachambua maharage.

"Kwa nini hakuna Kiswahili humo?" aliuliza.

Hakuwa akiuliza kwa mara ya kwanza. Kila mara nilikuwa namjibu kwamba wageni wanaolipa vyumba hawaandiki Kiswahili, na kwamba watu wetu wakitaka nyumba ya kulala wanampigia binamu. Nikamjibu hivyo tena.

"Mimi natafuta kwa Kiswahili," alisema. "Dawa ya ndama nilitafuta kwa Kiswahili. Namna ya kujaza fomu ya kiwanja, Kiswahili. Au mimi si mtu?"

Ili tu kumwonyesha, nikaandika kwenye injini: sehemu ya kulala kabla ya kupanda Mlima Meru. Nilitaka aone kwamba hakuna kitu. Na kweli hakukuwa na kitu. Kulikuwa na somo la jiografia kuhusu milima ya volkano, habari ya zamani ya moto wa msituni, na tangazo la kiwanja. Hakuna nyumba hata moja ya kulala. Kampuni zote za Arusha, pamoja na ile ya watu sita ofisini, hakuna iliyokuwa imejibu swali hilo kwa lugha ya nchi.

Niliitazama ile orodha kwa muda. Kila siku nilikuwa nikipigana kwa Kiingereza kupata nafasi ya nane, ya saba, na hapa nafasi ya kwanza ilikuwa wazi kama uwanja wa kanisa siku ya Jumanne. Stashahada yangu ilikuwa na somo zima kuhusu jambo hili: maneno ambayo wanaoyatafuta si wengi, lakini hakuna anayewajibu. Somo hilo nilipata alama za juu. Sikuwahi kufikiri kwamba linahusu lugha ninayoongea na dada yangu.

"Haya, niambie," nikamwambia.

Alinisomea akiwa bado anachambua maharage, nami nikaandika kama anavyosema. Ukija kupanda Meru, lala kwetu siku moja kabla. Kutoka kwetu hadi lango la Momella ni saa moja na dakika tano, masika ongeza dakika kumi na tano. Begi lako tutakutunzia. Njoo na sweta mbili, usimsikilize anayekwambia moja inatosha. Mtori upo. Kama ni kundi la shule au la kazini, piga simu, tutaongea. Nilitaka kurekebisha ile ya sweta. Akanikataza.

Ukurasa huo haukuwa na picha zaidi ya moja. Ulipanda juu kwa siku chache kuliko kitu chochote nilichowahi kukiandika.

Siku mbili kabla ya mwezi kuisha nilikuwa kwa dada, nafunga bomba la bustani, simu yake ikalia barazani. Aliipokea kama anavyopokea simu zote, kwa kuuliza habari za huko kabla ya kujua ni huko wapi. Nikasikia sauti ya kijana upande wa pili, kubwa, mtu aliyezoea darasa.

"Shikamoo mama. Sisi ni walimu, tuko tisa, tunapiga kutoka Dodoma. Tulikuwa tunatafuta mahali pa kulala kabla ya kupanda Meru, tumesoma pale mlipoandika habari za sweta."

"Marahaba, mwanangu," dada alisema. "Mnakuja lini?"

Walikuwa wanakuja likizo ya Juni, vyumba vyote vinne, siku mbili. Dada aliandika majina yao nyuma ya kalenda, moja moja, akiuliza nani halali chumba kimoja na nani. Alipokata simu hakusema tatu. Aliingia ndani, akatoka amejifunga kitenge kipya, akaniambia nimpigie yule meneja, aje achukue jibu lake.

Alikuja kesho yake mchana, jua limetoka, njia imeanza kukauka. Dada alimkaribisha, akampa chai na ndizi za kukaanga, akamuuliza habari za mama yake. Kisha akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba amefikiri, na nyumba yake haikodishwi.

Meneja aliweka kikombe. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwamba wageni wa mtandaoni ni wa bahati, leo wapo, kesho injini inabadilisha mambo yake, na wakala hatarudi kwake tena akishakataa. Aliyasema akinitazama mimi, kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake, na sikuweza kumwambia kwamba amekosea. Hayo yote ni kweli. Nafasi ya kwanza si hati ya kiwanja.

"Mama, una hakika?" aliuliza. "Maana hili haliji mara mbili."

"Baba, nina watu kumi na watano mwezi wa Juni," dada alisema. "Walimu wamenipigia wenyewe. Kwenye karatasi yenu mimi nilikuwa wa kufagia. Nitafagia, nimezoea, ila nitafagia kwangu."

Alisimama, akamshukuru kwa kuja, akamfungia parachichi sita kwenye mfuko ampelekee mama yake. Meneja alizipokea kwa mikono miwili. Langoni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nafanya kazi za watu wengine. Nikamwambia ndiyo, ila si za wanaouza Kilimanjaro. Alicheka, akaondoka.

Nilirudi barazani nikiwa najiona mrefu, na nilikuwa na haki. Nilianza kumwambia dada kwamba nilimwahidi makundi matatu na nimeleta matatu, peke yangu, na mvua ile. Alikuwa ameshavaa miwani, ameshika simu, anashuka kwenye jumbe kwa kidole kimoja.

"Huyu Mholanzi anauliza kama maji ya kuoga ni ya moto asubuhi au jioni tu," alisema. "Hilo hujaandika popote."

"Ni ya moto lini?"

"Jioni. Asubuhi mpaka niwashe kuni, kuanzia saa kumi na mbili na nusu."

Nikafungua laptop, nikaliandika.